Wimbo wa Harusi Ambayo Haikufanyika

Nisameheni mwandiko huu, unapanda na kushuka hata pale ambapo daftari lina mistari. Shule niliishia darasa la saba, na maneno mengine nimeyakisia tu. Mkikuta neno limeandikwa vibaya, lisomeni kwa sauti, huenda mkalitambua. Mimi huandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na nikimaliza ninauficha chini ya godoro kana kwamba kuna mtu anautafuta.

Ninawaandikia ninyi mlioingia sasa katika kibanda cha Papa Musafiri pale Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jeannot na Espérance, na wengine watakaokuja. Nimestaafu. Watu hucheka nikisema hivyo kwa sababu sina mvi hata moja. Lakini ni kweli kazi niliyoifanya tangu nilipotoka shule imepungua. Wenye simu kubwa wanajivutia nyimbo wenyewe, na waliobaki na memori kadi mnawatosha ninyi wawili. Mimi sasa ninalima migomba Masha, kwenye shamba la kukodi. Migomba haina mahitaji ya nyimbo, nayo hainiulizi kitu.

Kazi yetu iliitwa kutia nyimbo. Mtu analeta memori kadi yake, unaichomeka kwenye kompyuta, unamwuliza anataka nini, unamtilia. Siku ya kwanza sikuweza kumwuliza mtu yeyote anataka nini. Nilikuwa na haya. Alikuja katekista mmoja wa Kirundi, mtu mzima mwenye rozari shingoni, akaweka kadi mezani akaenda zake sokoni. Nikamtilia nilichokuta kimefunguliwa kwenye kompyuta, na kilikuwa rumba za baa. Aliporudi keshoye nilijificha nyuma ya betri ya sola. Akasimama, akakohoa, akaniambia taratibu kwamba zile si kwaya. Kisha akaangalia barabarani, akauliza kama tuna nyingine kama ule unaoanza na gitaa peke yake.

Papa Musafiri, mwenye kibanda, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ni Mbembe wa Fizi, Congo, kama mimi, alikuwa fundi wa redio kabla ya vita. Hakunifundisha kwa kunikalisha na kunieleza. Alikuwa akinung'unika huku anachomelea nyaya, na mimi nikiokota yale manung'uniko. Haya ndiyo niliyookota, nayaandika ili msianze upya.

Mtu aliyeachwa hatakuambia kwamba ameachwa. Atasimama pembeni mpaka wateja wengine waondoke, kisha atasema maneno mawili: futa zote. Mwenye furaha hasemi futa zote, yeye husema ongeza. Ukisikia hivyo usiulize jina la mtu wala sababu. Futa, lakini kwanza nakili zile nyimbo zake kwenye kompyuta, kwenye ile sehemu tuliyoiita Kabati. Papa Musafiri alisema watu hurudi kuziulizia wakishapoa, na ukiwaambia zimepotea wanaachwa mara ya pili.

La pili ni kubwa zaidi. Usimpe aliyeachwa wimbo wa lugha yake. Maneno anayoyaelewa yatamkalia kooni. Sisi wa Nakivale tuna bahati, tunaishi na lugha nyingi zisizo zetu. Mbembe mpe Kirundi. Mrundi mpe Kibembe au Kilingala. Apate sauti na mapigo, maneno yampite tu. Na umpe za kufanyia kazi, za kulima na kufua, si za kulalia.

Sikuliamini sana hilo mpaka alipokuja mfugaji mmoja kutoka Masha, Mnyankole mrefu mwenye fimbo. Mke wake alikuwa amerudi kwao. Alitaka nyimbo za Kinyankole za kuachana, na mimi nikamtilia, maana mteja ameomba. Siku chache baadaye alirudi macho mekundu. "Wewe kijana," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii nyimbo inalia kuliko mimi. Toa." Papa Musafiri akamtilia ngoma za Burundi, ngoma tupu, wanaume wanapiga na kupiga. Aliporudi tena tulimwuliza hali. Akasema yeye bado hajui, lakini ng'ombe wamezipenda, wanatembea vizuri. Basi alikuwa anarudi kila mara kuwatilia ng'ombe ngoma mpya, na sisi tukawa tunauliza habari za ng'ombe, naye anajibu kwamba wanaendelea kupata nafuu.

Wengi walipita hivyo. Wengine walirudi kusema asante, wengi zaidi walirudi wakiwa wawili, wakasema ongeza. Mimi nilikuwa najiona fundi. Sasa inanibidi niandike habari yangu, na hapa kalamu imesimama sana.

Aline alikuwa anauza maharage sokoni, karibu na kibanda. Alikuwa Mbembe kama sisi, mcheshi, anajibizana na wateja mpaka wananunua kwa kucheka. Nilimpenda na sikumwambia. Alipoleta kadi yake nilimtilia alizoomba, nikaongeza mmoja ambao hakuuomba. Akirudi, nikaongeza mwingine. Yeye alielewa. Siku moja alikuja akaniuliza kama nyimbo zangu zina nia au zimeteleza tu. Nikaitika kwa kichwa. Hakujua nimeitikia lipi, akacheka, na hivyo ndivyo tulivyochumbiana. Wazee wakaendeana, mahari ikazungumzwa, sikuhitajika kusema chochote.

Mnajua desturi yetu. Kabla ya harusi unarekodiwa wimbo wenye majina ya bwana na bibi, kwa lugha ya wazazi, ili waimbaji na shangazi waushike vizuri. Wetu ulirekodiwa katika kile chumba chenye magodoro ukutani, kwa Kibembe, na mwimbaji kijana mmoja wa kambini. Ulitoka mzuri. Kila baada ya mistari michache anaita Wilondja, ndilo jina langu, halafu anaita Aline, na kina mama wanaitikia. Papa Musafiri alifurahi kama baba. Akasema zawadi yake ni hii: kila kadi itakayopita kibandani, ya mtu yeyote, itaondoka na wimbo wetu. Hakuna aliyelipia, hakuna aliyekataa. Ukaenda Rubondo, ukaenda Juru, pande nyingine za kambi, ukaenda Mbarara mjini kwenye pikipiki za boda. Nilipokuwa nikipita, watu nisiowajua waliniita bwana harusi. Nilikuwa naona haya, lakini ile haya tamu.

Wakati huo shangazi yake Aline aliyekuwa Kakoba, Mbarara, alimwita akajifunze kushona. Aline akanieleza jambo lote. Akaniuliza nawaza nini: aende kwanza tuoane baadaye, au tuoane tuende wote, au asiende kabisa. Nikasema nitafikiri. Nilifikiri kweli, nilikuwa hata na jibu. Lakini alipokuja kulisikia nikachukua kadi yake, nikamtilia wimbo.

Kesho yake alinirudishia ile kadi. Aliiweka mezani mbele ya Papa Musafiri na mbele ya wateja wawili.

"Wilondja," akasema, "mimi niliposwa na spika. Wewe mwenyewe sijakusikia bado."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo baya. Nikaangalia kompyuta. Akangoja, nadhani alingoja sana, kisha akaenda. Jumapili yake alipanda teksi ya Mbarara, na familia zikakutana kurudishiana vitu.

Sasa fikirini. Harusi imekufa, na wimbo wake uko kwenye simu za kambi nzima. Nilikwenda kusaga unga, mashine iliponyamaza nikasikia Wilondja, Aline. Nilikwenda kunyolewa, kinyozi akakimbilia simu yake kuuzima, akabonyeza vibaya, ukapanda sauti. Uwanjani watoto waliuimba nikipita, wala si kwa ubaya, waliupenda tu. Wakubwa walinyamaza nikifika, na nikiwapa mgongo wanauliza, huyu ndiye? Nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba, kwenye mifereji, ili nisikutane na simu ya mtu.

Niliacha kwenda kazini. Papa Musafiri alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mama, akanywa chai yote bila kunitazama. Mwishowe akasema, "Kuna muntu kibandani anakungojea. Amesema futa zote." Nikauliza kwa nini asimfutie yeye. Akasema mikono yake imekuwa mizito siku hizi, akaondoka. Nikaenda. Sikumkuta mteja yeyote. Nikabaki hapo hapo, nikaanza kazi.

Kadi zilizokuja zikiwa na wimbo wetu niliwaambia wenyewe kwamba ninaomba niutoe. Wengi walikubali upesi, wakiangalia viatu vyao. Nikautoa kadi kwa kadi. Nikautoa kwenye kompyuta. Mwisho nikautoa hata kwenye Kabati, ambako sheria yetu inakataza kutoa kitu. Papa Musafiri aliniona, akaendelea na nyaya zake.

Mtauliza nilijitilia nyimbo gani. Sikujitilia hata mmoja. Aliyewatilia wengine kila wimbo hana wimbo asioujua. Kilichonisaidia kidogo ni Warundi wa parokia waliokuwa wakifanya mazoezi ya kwaya jioni karibu na kwetu. Sielewi Kirundi cha kanisani. Walikuwa wanakosea, wanaanza tena, wanakosea palepale. Nilikuwa nachota maji huku nawasikiliza, nikijikuta ninangoja wapavuke pale mahali.

Miaka ilipita, wimbo ukaadimika, hata watoto wakapata nyimbo nyingine. Ndipo alipokuja Mama Goreth.

Mama Goreth ni Mrundi anayeuza dagaa. Mume wake alimwacha akahamia Rubondo kwa mwanamke mwingine, na habari hiyo kila mtu aliijua, kwa hiyo hatukuhitaji kumsikia akisema futa zote. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye beseni la dagaa, kadi ikafa. Alitaka wimbo mmoja tu, na jina lake hakulijua. Nikamwambia auimbe kidogo.

Akauimba. Kibanda kilikuwa kimejaa. Maneno ya Kibembe yalitoka yamevunjikavunjika, lakini yale mawili hayakuvunjika: Wilondja, Aline. Kijana mmoja wa boda akageuka kutazama ukutani, mabega yakicheka. Damu ilinipanda usoni. Nikamwambia Mama Goreth wimbo huo hatuna.

"Ego," akasema, yaani ndiyo, "lakini ulitoka hapa hapa."

Nikamwambia ulikuwepo, sasa haupo. Akaomba nimtafutie kwingine. Alirudi baada ya siku chache, akarudi tena. Alikuwa amekwenda kwenye vibanda vyote, amewaimbia wote. Mara ya mwisho alisubiri tubaki wenyewe, akaniambia jambo ambalo halikuwa rahisi kwake kusema.

"Mwanangu, huo wimbo sikuuelewa hata neno, ndiyo maana niliupenda. Naanza kusafisha dagaa, unaanza. Ukiisha naurudia, dagaa zinaisha. Sasa nikishika kisu tu namkumbuka yule bwana, nakaa. Jana dagaa zimeniozea mkononi. Watoto wanakula kwa hizo dagaa."

Hicho ndicho tulichokuwa tunajivunia kibandani, jinsi wimbo wa lugha ngeni unavyomsaidia mtu. Huyu alikuwa amejitibu mwenyewe, na dawa ilikuwa ni ile ambayo mimi niliona haya nikaifukuza kambini. Tulimtilia Kilingala, tukamtilia Kifuliiru, hata nyimbo za Kinyankole. Akazirudisha zote kwa adabu.

Papa Musafiri akaulizia. Chumba cha magodoro kilikuwa kimefungwa, mwimbaji alikuwa amehamia Kampala, namba yake haiingii. Niliwaendea niliowaomba kuutoa, nikawauliza kama kuna aliyenidanganya. Hakuna. Walikuwa watu waaminifu, kwa bahati mbaya.

"Amebaki mumoja," Papa Musafiri akasema.

"Siwezi," nikamwambia.

"Minajua." Akafuta ncha ya chuma chake cha kuchomelea. "Lakini yule mama naye, anaweza?"

Nilikwenda Mbarara siku ya soko ili teksi ijae watu, nisionekane. Njia nzima nilijifunza sentensi moja. Kakoba nilipotea, nikauliza kwa mwenye boda, akanifikisha mlangoni kwenye safu ya cherehani barazani. Aline alikuwa wa mwisho, anashona sare ya shule. Alinyanyua macho, mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

"Wilondja. Umefuata nini huku?"

"Nimefuata wimbo," nikasema. Sentensi niliyojifunza ilikuwa ndefu kuliko hiyo.

"Wimbo gani?"

"Ule wetu. Kuna mama mmoja Mrundi unamsaidia. Mimi niliufuta."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Miaka yote hii, na bado umekuja na wimbo." Cherehani za wenzake zilikuwa zimenyamaza zote. Nilitamani baraza linimeze. Akasema anao, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni.

Simu zote mbili zilikuwa kuukuu. Tukafungua blutuzi, tukazilaza kichwa kwa kichwa juu ya benchi, na ninyi mnajua simu za namna hiyo: ukizitenganisha inakatika, unaanza upya. Ikabidi nikae benchi moja na yeye, simu katikati. Shangazi yake akamwita ndani, akasimama na simu yake mkononi kwa mazoea, ikakatika. Akarudi, tukaanza tena. Hakuna aliyecheka.

Nikamwuliza kwa nini hakuufuta.

"Mama yangu anaimba mule," akasema. "Ile sauti nyembamba ya nyuma. Sasa yuko Fizi, simu haimfikii. Nifute sauti ya mama?"

Sikuwa nimekumbuka kabisa kwamba mama yake yumo. Nilikuwa nimesikia jina langu tu miaka yote hiyo. Niliinamisha kichwa. Mstari wa blutuzi ulikuwa haujafika nusu.

Nikasema, "Siku ile uliponiuliza kuhusu kushona, nilikuwa na jibu. Nilitaka kukuambia uende, na mimi nitakufuata, nitafute kibanda huku. Sikulisema. Ulipoondoka niliumia, na hilo pia sikulisema."

Alichukua uzi, akautia kwenye sindano. Mara ya kwanza ukamkwepa.

"Ungenifuata?"

"Ningekufuata."

"Basi ungesema, Wilondja."

"Ndiyo."

Simu ikalia kwamba umefika. Aliniambia ana mtu sasa, fundi wa pikipiki, na ni mtu wa maneno. "Mengi sana," akasema, akatabasamu kidogo, akarudisha mguu kwenye cherehani. Kisha akauliza kama nitaufuta tena nikiona haya. Nikasema hapana, sasa una mwenyewe. Akaitika, akaendelea na sare yake, na mimi nikatembea mpaka kituo cha teksi.

Mama Goreth nilimpelekea kadi mpya kwenye meza yake ya dagaa, sokoni, mchana, watu wamejaa. Aliichomeka, akabonyeza. Ukaanza. Akafumba macho, akachukua kisu, akaanza kusafisha. Nilipotaka kuondoka akaniita.

"Hawa wanaoitwaitwa humu, Wilondja na Aline, unawajua?"

Ningeweza kusema ni watu wa Congo huko. Wenye meza za jirani walikuwa wanasikiliza, wao walijua.

"Mmoja anashona nguo Kakoba," nikasema. "Mwingine ni mimi."

Kisu kikasimama. Aliniangalia, akaiangalia simu, akaniangalia.

"Mulioana?"

"Hapana, mama."

Akafikiri. Uso ulikuwa unaniwaka, lakini sikutazama chini. Akauliza polepole, "Sasa nizime?"

"Usizime," nikamwambia. "Maliza dagaa."

Akamaliza. Nilisimama pale mpaka wimbo ulipoisha, mbele ya watu wote, na aliporudia nikasimama tena. Mara ya pili nilimsikia mama yake Aline, sauti nyembamba ya nyuma.

Kwa hiyo Jeannot na Espérance, wimbo huo nimeurudisha kwenye Kabati. Usitoke humo kwa amri ya mtu, hata yangu, hata nikija nimevimba macho. Akija mtu wa kusema futa zote ambaye hajui Kibembe, mtilieni, msimwambie ni wa nani. Na ninyi wengine mtakaousoma mwandiko huu mbaya, kama wimbo huo bado uko kwenye simu zenu, naomba mniandikie. Barua mwachieni Papa Musafiri, kuna teksi inayopita Masha. Mwandiko ukiwa mbaya si neno. Niambieni tu mnausikiliza mkifanya kazi gani.